Sahihi Isiyosomeka kwenye Kadi ya Posta

Columbus, Ohio
Alhamisi, 5 Februari

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na upendo. Natumaini barua hii inakukuta na afya, kikohozi kimepungua, na hita ya sebuleni bado inawaka bila kupigwa teke. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi sina.

Utashangaa kuona nimeandika badala ya kupiga simu. Tangu Jumapili nimekupigia mara mbili na kukata kabla hujapokea. Nina jambo ambalo siwezi kulisema nikisikia sauti yako, na tena kuna karatasi ambayo lazima uishike mkononi.

Jumapili ulinieleza tena habari za hao Larkmoor, kampuni ya kukusanya madeni, wanaokudai dola elfu nne mia tatu na themanini za upasuaji wa goti uliofanyika Kentucky. Ulicheka ukasema magoti yako yote mawili umezaliwa nayo, na hakuna hata moja lililowahi kulala Kentucky. Ulinikumbusha kuwa mwezi Novemba, ndani ya siku thelathini ambazo sheria inampa mdaiwa kupinga deni, uliwaandikia kwa barua ya rejesta ukiwataka wathibitishe deni: ni la nani, la hospitali gani, la lini. Hawakujibu, na simu zao zikaendelea hata ukiwa mezani unakula. Kisha ukasema, kama mtu anayetaja bei ya mayai, kwamba tarehe 16 Januari uliletewa bunda la karatasi za mahakama, nawe ukalitia kwenye droo ya betri kwa sababu watu hao ulishawajibu. Ukaniuliza mimi, msomi wako wa hesabu za hospitali, mtu afanye nini wakusanya madeni wakiipuuza barua yake. Nikakwambia nitauliza kazini.

Sikuwa na haja ya kuuliza. Ngoja kwanza nikueleze habari za mzee Yancey.

Delbert Yancey ni fundi mstaafu wa mabasi ya shule, kutoka Chillicothe. Alidaiwa deni la mtu mwingine mwenye jina kama lake. Aliandika mapema, kwa rejesta, kama wewe. Kisheria, barua ya namna hiyo ikifika, kampuni inapaswa kuacha kudai mpaka ilete uthibitisho. Barua yake iliingizwa kwenye boksi lililokuwa la karatasi za printa, chini ya meza ya karani, pamoja na nyingine nyingi za aina yake. Kwenye kompyuta pakaandikwa kwamba hakuna pingamizi lililopokelewa. Kampuni ikamshtaki.

Siku alipopata karatasi za mahakama alipiga simu. Alikuwa mpole, mtu wa kusafisha koo kabla ya kusema. Alimuuliza karani: "Binti, barua yangu si mnayo? Hizi za mahakama nazo nizijibu, au ile inatosha?"

Karani alilijua jibu. Alijua kwamba kumwandikia mkusanya madeni si kumjibu jaji, na kwamba mzee alikuwa na siku ishirini na nane tu. Lakini msimamizi, Bi Kroll, alikuwa amesimama nyuma yake akisikiliza simu ile kwa visikizio vyake, kama afanyavyo kila siku. Karani akasema, "Barua yako tumeipokea, mzee." Mzee akashukuru, akamtakia Krismasi njema.

Mahakama ilitoa hukumu bila yeye kuwapo. Benki iliizuia akaunti yake wiki ileile aliyofiwa na mkewe, Ardith, na hundi ya jeneza ikarudishwa. Alipiga tena. Hakufoka. Aliomba waachie fedha za mazishi tu, kwa sababu Ardith bado alikuwa mochari. Bi Kroll akachukua simu, akamwambia kama alikuwa na neno angelisema mahakamani. Alipoiweka chini alitugeukia na kusema, "Hawa wakibanwa tu, kila mmoja ana msiba." Watu wawili walicheka. Ardith alizikwa na kaunti, pasipo jiwe.

Baba, karani huyo ni mimi. Sijawahi kufanya kazi hospitali hata siku moja. Nilipokosa nafasi ile niliyokutangazia kwa furaha, niliona aibu, nikachukua hii, kisha uongo ukawa ndiyo habari.

Na si hilo tu. Larkmoor ndio sisi; ni jina la kwenye barua tu. Mlangoni kwetu kuna jina jingine. Kila asubuhi mimi ndiye ninayekwenda posta kufungua sanduku lao na kusaini barua za rejesta. Bi Kroll alinifundisha siku ya kwanza nisaini kwa mkwaruzo usiosomeka. Ile kadi ya kijani ya posta iliyokurudia kuonyesha barua imepokelewa, uliyosema imesainiwa na kuku mwenye haraka, niliisaini mimi. Mwandiko wako niliutambua kabla sijashika kalamu. Nilisaini, nikarudi ofisini, nikaitia barua yako kwenye boksi lilelile na kujiambia jioni nitaitoa. Imekaa humo wiki kumi na moja. Na Jumapili, uliponiuliza, nilikuacha kama nilivyomwacha mzee Yancey.

Sasa nisikilize, tafadhali. Toa lile bunda kwenye droo leo hii. Siku yako ya mwisho ni Ijumaa, tarehe 13. Nenda mahakama ya kaunti, umwone karani wa mahakama, uwasilishe jibu la maandishi: kwamba deni si lako, uliomba uthibitisho ndani ya muda, na hawakuleta. Chukua nakala iliyogongwa muhuri. Peleka kadi ya kijani na nakala zote kwa ofisi ya msaada wa sheria, ulalamike pia kwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Usiwapigie Larkmoor. Usiwalipe hata dola moja ili wakuache.

Ndani ya bahasha hii utaikuta barua yako mwenyewe, na muhuri wetu wa siku ilipopokelewa. Ya mzee Yancey nimempelekea yeye leo, ingawa najua itamfikia akiwa ameshachelewa. Mchana Bi Kroll aliuliza ni nani amelisogeza boksi. Niliinamia kompyuta yangu, lakini vumbi la boksi lilikuwa bado mikononi mwangu. Kesho nadhani hatauliza tena, atajua.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Niombee kama bado unaweza, na unisalimie Shangazi Nettie, ila usimfiche haya. Jaji akikuuliza umeipata wapi karatasi hii, mtajie jina langu lote. Nimeliandika hapa chini polepole, lisomeke.

Ni mimi binti yako,

Maralee Joy Stroud