Mibuni Imekatwa, Sasa Wanataka Ubatizo Wangu

Rugu, Jumamosi jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza kama kifua kimepoa, nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: namchukia mama mkubwa. Dada yako mwenyewe, anayenilisha ili nisome huku. Namchukia hata nikiwa nimepiga magoti. Niombee.

Unakumbuka nilivyokuandikia kwamba alinipokea na kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama mgeni mkubwa? Kikapu kile kimechomwa. Kuna nabii amehamia hapa senta. Alifundisha kwamba wazee wetu walichanjiana undugu kwa punje za kahawa zilizopakwa damu, kwa hiyo kila mbuni ni madhabahu ya pepo. Mama mkubwa akashika panga. Mibuni yote aliyoiacha marehemu mume wake, Mama, na buni zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu! Mimi ndiye niliyekuwa navuta matawi. Jirani akapita na baiskeli yake, akacheka: "Mama, hao pepo si ungewaanika kwanza tukawauze?" Mama mkubwa akakata mbuni mwingine.

Baraka tulizoahidiwa hazijaja. Tunakula ndizi na chumvi. Ndipo nabii akasema kuna mtu nyumbani anazizuia, ndiye mimi, kwa sababu nilibatizwa nikiwa mchanga. Jumapili iliyopita akanisimamisha mbele. Niseme ubatizo ule ni maji ya bure, na kwamba baba, aliyenibeba kanisani siku ile, alikufa amepotea.

Unanijua. Hata darasani, jibu nikiwa nalo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, naangalia viatu. Nikaangalia viatu.

"Binti, una aibu au una pepo?"

Watu wakacheka. Njiani mama mkubwa hakunitazama. "Umenivua nguo mbele za watu. Jumapili ijayo useme, la sivyo fungasha urudi kwa mama yako."

Jumapili yenyewe ni kesho. Kurudi ni kuacha shule, na mwaka huu ndio wa mtihani. Nimefikiria niseme tu, mdomo useme, moyo unyamaze. Nani angejua? Lakini mafundisho ya kipaimara baba alinikaririsha yeye mwenyewe, tukimenya ndizi sisi wawili: tunaokolewa kwa neema, wala si kwa kukata na kuchoma. Siwezi kumzika mara ya pili ili nipate dawati.

Nisalimie bibi, mwambie Zaburi zake nitamsomea mwenyewe. Na mdogo wangu asiichezee baiskeli ya baba.

Nasikia kandambili za mama mkubwa uani. Tangu mchana kila akipita naikalia karatasi hii. Sasa naiacha mezani, wazi. Asome yote, hata pale juu nilipoandika namchukia. Halafu nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba kesho sitasema.

Amefika mlangoni.

Mwanao,
Kokugonza