Isomwe Mjomba Akiwepo

Chuo cha Ualimu, Milima ya Usambara
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Hiyo marahaba yako naisikia tangu huku, ile ya kuvuta mwishoni kama mtu anayejiinua kitini. Mimi mwanao ni mzima, nakula, nalala, na kikohozi kilichonipokea siku za kwanza kimekwenda zake. Wasiwasi wangu ni ninyi huko Chilangala. Goti linasemaje? Mikorosho ya nyuma ya nyumba imetoa maua, au bado inajivuna? Lile pipa la chini ya paa siliulizii, maana huu si wakati wa mvua na najua limebaki na buibui tu.

Kabla hatujafika mbali nina neno na msomaji. Atanasi mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea Mama barua hii, kwa kuwa ni wewe uliyeiandika ile ya kwake. Mwandiko wako naujua hata ukiuficha chini ya kapu. Basi ikunje kwanza. Nenda kamwite Mjomba Chitanda, umwambie barua ya Danieli imekuja na yeye anatakiwa aisikie. Mpe kiti kizuri. Akishakaa, uanze tena kutoka juu, wala usiruke neno hata ukifika mahali panapokuchoma ulimi.

Mjomba, shikamoo. Asante kwa kuitika. Najua umeacha kazi yako, na najua umekwishakunja uso kidogo. Uvumilie, kwa sababu mpwa wako tangu utoto hajui kwenda moja kwa moja, lazima azunguke kwanza.

Habari za huku ni maji. Mama, nikikueleza utasema nimeota. Huku maji hayafuatwi. Yapo nyuma ya bweni, yapo kando ya kanisa, yanavuka njia mbele ya miguu yako bila hata kukuomba radhi, na hakuna anayeyatazama. Ukungu ukishuka mchana, huioni hata miti, unabaki unasikia tu mto ukisema peke yake. Na mimi unanijua, ni mtu wa kusinzia macho wazi. Mwalimu anaandika hesabu ubaoni, mto unasema, na mimi nimeshafika nyumbani. Naona mawingu meupe yamelala kule bondeni, naona kinamama wanapanda kutoka kisimani mmoja nyuma ya mwingine, na kila mmoja ana sura yako. Juzi mwalimu aliniita mara tatu. Nikamjibu, "Abee, Mama." Darasa zima likaanguka kicheko. Hata "naam" sikuikumbuka.

Wiki zangu za kwanza nilikuwa nikinawa uso kwa kikombe kimoja, nimekinga beseni chini, na yale ya beseni nanawia miguu, na yale ya miguu namwagia mchicha dirishani. Ninayekaa naye chumbani ni Msambaa, anaitwa Hoza, mtu mpole sana. Alinitazama siku nne, ya tano akaniuliza kama kwetu hiyo ni sehemu ya sala.

Vijana wa kikosi chetu cha skauti, sasa habari zenu. Atanasi utawasomea wenzako kipande hiki, hata wale walioacha kuja, ukawasomee huko huko kwao. Hapa chuoni kuna maskauti, nami nimepewa kuwa msaidizi wa kiongozi wao. Nimejifunza kufunga daraja la kamba mbili, moja ya miguu na moja ya mikono, na nimeshavuka nalo mto bila kulowa. Nimejifunza pia kuoka viazi ndani ya udongo. Wenyewe husema vinanoga, mimi nasema havifikii ming'oko ya kwetu, ile mizizi tunayochimba porini. Nikirudi likizo nitawafundisha vyote, hata daraja, ingawa itabidi tulifunge juu ya bonde kavu na kujifanya tunaogopa mamba.

Lakini na aibu yangu niwaambie, maana kiongozi asiyechekwa si kiongozi. Tulikwenda safari ya miguu na vijana wa huku kupanda kilele kimoja. Kila mtu alichukua chakula chake na blanketi. Mimi nikachukua debe la maji. Limejaa, nimelitundika kwenye fimbo, na nimewalazimisha vijana wapokezane nami upande wa pili. Tukavuka kijito cha kwanza. Tukavuka cha pili. Kufika cha nne vijana wakakaa chini, hawana nguvu, si kwa mzigo bali kwa kucheka. Hoza akaniuliza, "Mwalimu Danieli, kwenu mtu akisafiri huwa anahama na mto wake?" Nilicheka nami mpaka machozi. Wakasema basi, lifungue ulimwage, tuendelee wepesi. Nikaliinamia lile debe. Mkono ukakataa, ndugu zangu. Nikalipandisha hadi kileleni, nikalishusha, nikaenda nalo mpaka jikoni kwa mpishi. Mpishi akanishukuru kwa heshima, halafu akanionyesha bomba.

Ndiyo maana nilipofika kwenye ile sehemu ya barua ya Mama, nikaiweka karatasi chini.

Atanasi, uliandika kwamba Jumamosi ile ulikuwa umefika karibu na soko, debe kichwani, wenzako nyuma yako na madebe yao, mkipeleka maji kwa Mama na kwa wale vikongwe wawili. Mjomba akakukuta. Akasema, "We, umetoka jandoni au hujatoka?" Akalishusha debe kichwani pako mbele ya watu wa soko, akayamwaga. Watu wakacheka, na tangu siku hiyo kikosi chetu kinamomonyoka. Kila mvulana anaitwa na mjomba wake na kuambiwa akae nyumbani asije akageuzwa mwanamke. Na Mama, wewe ukaongeza mstari wako chini: "Mwambie Danieli asinitumie vijana tena. Nitakwenda kisimani mwenyewe, nimezoea."

Mama, utakwenda na nini? Dada Felista ameolewa Lisekese, huko Masasi. Mama Mdogo ana mtoto mgongoni na nyumba yake ya kulisha. Baba tulimzika. Umebaki wewe na ule mteremko, kuondoka alfajiri na kurudi jua likiwa juu.

Mjomba, sikuandika nikugombeze. Wewe ndiye uliyenilea baada ya Baba, ndiye uliyenipeleka shule kwa miguu, ukinibebea sanduku langu begani. Wala sikuwafundisha vijana kuwaasi wakubwa. Siku niliyowaapisha, kutii kulikuwamo katika ahadi yao. Najua pia watu wa mabomba wameshapita huko wakipima, na unasema tusubiri, maji yatapanda yenyewe. Huenda yatapanda. Goti la Mama halijui kusubiri.

Ningeweza kutafuta ujanja. Ningesema debe litundikwe kwenye fimbo, wavulana wawili walichukue begani kama nilivyofanya huku, lisiguse kichwa, na hapo hakuna atakayesema ni kazi ya kike. Lakini pale penye mawe njia haipitishi wawili, wote mnapajua. Tena nimechoka na ujanja. Nimeishi nao miaka mingi.

Atanasi, hapa ndipo nilipokuambia. Soma polepole.

Mjomba, mwaka ule niliotoka jandoni, siku ya tatu au ya nne, kichwa bado kinang'aa mafuta na nimevaa ile shuka uliyoninunulia, tulishuka bondeni mimi na wenzangu wa likumbi, kambi yetu ya jando, kukata fimbo. Ulikuwa umetuambia kwamba sasa sisi ni wanaume, na mwanaume habebi mtungi. Nililishika neno lako kama yai. Tulipokuwa tukipanda tulimkuta Mama pale penye mawe, amesimama na mtungi kichwani, anahema. Wenzangu wakampita kwa heshima. Mimi nilikuwa wa mwisho. Akaniambia kwa sauti ya chini ili wasisikie, "Danieli, nishikie mtungi kidogo tu, baba, niikaze ngata, inateleza."

Kumshikia tu, Mjomba. Hakuniambia nibebe. Lakini wenzangu waligeuka kutazama, nami nikampita.

Sikufika mbali. Nikasikia mtungi umevunjika. Nilipogeuka nilimwona amepiga goti juu ya jiwe, maji yanamshuka kwenye kanga, damu inafuata maji. Hakulitazama goti lake. Alinitazama mimi, akasema, "Nenda, wenzako wanakungoja. Mimi nimejikwaa kisiki shambani. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Nikaenda.

Ndicho kisiki mlichosimuliwa wote. Mjomba, wewe ulichukua shoka siku ileile kwa hasira, ukang'oa visiki viwili shambani nyuma ya nyumba, jasho linakutoka, huku ukisema hakuna tena kitakachomwangusha ndugu yako. Nilikuwa nimekaa kizingitini nakutazama. Nilitaka kusema. Nikaona haya, na haya hiyo imekua pamoja nami, imevaa suruali, imekuwa mwalimu.

Watu hudhani nilianzisha kikosi cha skauti kwa sababu nilipenda filimbi na skafu. Nilikianzisha kwa sababu niliposoma kwamba skauti hutenda tendo jema kila siku, nilijua moja kwa moja tendo langu ni lipi, na sikuwa na ujasiri wa kulitenda peke yangu. Nikatafuta wavulana wa kujificha nyuma yao. Ndiyo kweli yenyewe. Vijana, mnisamehe. Ninyi mlibeba kwa moyo mweupe, mlibeba hata kwa wale vikongwe ambao mimi sikuwakumbuka, mkaja kuniambia mmejiongezea kazi. Mlikuwa mbele yangu muda wote huo mkidhani mnanifuata. Yeyote aliyeacha kuja kwa sababu ya kicheko cha soko, asijione mnyonge. Mimi niliogopa macho ya wavulana watano.

Na wewe Mama, najua kwa nini unayakataa maji. Hujali watu wanasema nini, hujawahi kujali. Unaogopa kwamba madebe yakifika mlangoni kila Jumamosi, iko siku mtu atauliza yanaletwa kwa nini, na mimi nitaaibika. Umenisitiri vya kutosha. Sasa imesemwa, na imesemwa kwa mdomo wa mdogo wangu, mbele ya ndugu yako. Pumzika.

Hapa chuoni tuna zamu ya kuteka maji ya jikoni. Mwezi uliopita bomba liliziba, tukachota mtoni, si mbali, ni kama kutoka kwako hadi kwa Mama Mdogo. Nikaweka ndoo kichwani kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Maji yakanimwagikia shingoni, shingo ikatetemeka, na nilipofika nilikuwa na nusu ndoo. Nikakaa kwenye ngazi ya jiko ukungu ukinipita, nikajaribu kuhesabu ni mara ngapi umepanda ule mteremko tangu nizaliwe. Nilishindwa, nikalia. Hoza akadhani nimefiwa.

Nisalimieni Mama Mdogo, mlezi wangu wa pili, na huyo mtoto wa mgongoni ambaye nasikia ameota meno na anauma kila mtu. Salamu kwa Dada Felista na shemeji mkipata mtu wa kwenda Masasi, mwambieni kitambaa alichonishonea ndicho najifunga nacho shingoni kwa baridi. Nisalimieni Mwalimu Mkuu wangu wa zamani, na wale vikongwe wawili, mkawasalimie kwa sauti kubwa maana mmoja hasikii. Vijana wote wa kikosi, waliobaki na walioondoka, nawashika mkono wa kushoto kama ilivyo desturi yetu maskauti.

Mjomba, neno la mwisho ni lako, kama ilivyo haki yako. Ukisema hapana, Atanasi atatii, na mimi sitaandika tena juu ya jambo hili. Ila kabla hujasema, nakuomba kitu kimoja. Mwambie ndugu yako ainuke, aende mpaka mlango wa jikoni, arudi akae. Wewe mtazame tu anavyokwenda. Halafu ndipo useme.

Ni mimi, mwanao Mama, na mpwa wako Mjomba,

Danieli