Parachuti za Mama Yako

Mpendwa binti yangu Furaha,

Watu wengi hudhani kwamba droni ya shabaha huundwa ili itunguliwe. Nawe ulikosea hapo hapo, na lawama ni yangu. Nilifundisha fizikia Bukavu miaka mingi, lakini nyumbani kwangu sikueleza kazi yetu.

Zamani, wapiga mizinga wa manowari walipojifunza kulenga, rubani aliruka akikokota kitambaa kirefu nyuma ya ndege, nao wakakipiga kile kitambaa. Mkono ukiteleza, mtu anakufa. Ndiyo maana ikabuniwa ndege isiyo na mtu, ndiyo hiyo droni ya shabaha. Chombo ndani yake hupima kombora limepita karibu kiasi gani, kisha parachuti inafunguka, ndege inashuka majini, inaokotwa, inaruka tena siku nyingine.

Siku ya kwanza mama yako alipokuja kushona parachuti pale karakana yetu ya Seven Hills, aliizunguka ndege hiyo mara mbili. "Rubani anakaa wapi?" Nikamwambia hakuna. "Basi wapige tu. Huyu hana mama wa kumlilia." Ulikuwa na miaka saba nilipokusimulia, ukacheka mpaka ukamwaga chai. Jumamosi iliyofuata mama yako alitandaza mabaki ya kitambaa cha parachuti cha rangi ya machungwa sebuleni kwetu Mount Druitt, akakufumba macho, ukapapasa mishono.

"Mshono mmoja ukiruka?" akakuuliza.

"Ndege inazama, mama!"

Kisha, miaka mingi baadaye, ikaja Jumapili ile uliyotoka Melbourne kututembelea. Ulimwambia kwa Kiingereza kwamba anawashonea wauaji. Alielewa kila neno. Akasema, "Kula, mwanangu, sombe inapoa." Kesho yake akamwambia msimamizi kwamba macho yake hayaoni tena uzi, akaacha kazi. Juzi nimemwona akitunga sindano bila miwani.

Tangu hapo sina hasira, na huzuni nikiitafuta siioni. Naamka, napanda treni, nakagua mabawa, narudi. Nikiulizwa habari, nasema nzuri.

Sikuombi uipende kazi yetu. Vita uliikimbia ukiwa mgongoni mwa mama yako. Wanaojifunza kwa ndege zetu huenda siku moja wakapiga watu. Hilo nalijua. Ila yeye alishona kitu cha kushusha salama, akajivunia.

Kiti chake bado kiko wazi. Kesho asubuhi msimamizi atampa mtu mwingine. Nimemsihi arudi, hanisikii. Neno lililomtoa pale halikuwa langu. Ndiyo maana nakutumia barua hii kwa simu asubuhi hii.

Ubaki na amani, mwanangu. Mpigie mama yako leo mchana, umwambie arudi kazini.

Papa yako