Kwa Mupiga Bidon wa Radi Kavu

Kaka yangu Amani, mutoto wa mama yangu,

Kama uko Mubi na redio iko karibu, usiizime. Ni mimi Zawadi, mudogo wako. Papa wa redio, muzee anayetangaza hapa, amenipa mikrofoni na ameniambia nisome polepole. Mimi na polepole tulijuana wapi? Barua hii nimeiandika siku tatu, na mara mbili niliipasua. Nimetaka isomwe wazi kwa sababu ndani yake iko maneno yako, na iko pia maneno ya watu wa kambi ya Lushebere. Na wao wasizime.

Unakumbuka vile bendi yetu, Radi Kavu, ilianza? Byamungu alikuwa na gitaa, ampli hakuna. Akaiunganisha kwa redio ya zamani ya baba yake, ile yenye opalere, spika yake, ya kupasuka, na ikatoka sauti kama ya ng'ombe anayechinjwa. Watu wa kanisa wakasema ni shetani. Watu waliotoka Goma wakasema hapana, hiyo inaitwa rock. Sisi jina tulijali nini? Shukuru alipiga ngoma zake za ngozi ya mbuzi mpaka fimbo zikavunjika, na sisi tukaruka mpaka tukaumizana. Siku ile ya kwanza muntu alikupiga kiwiko, ukang'oka jino. Ukalitemea mukononi, ukaliangalia, ukacheka na damu mudomoni: "Dada, hii njo muziki. Ile ingine yote iko usingizi."

Tangu pale ukawa shabiki mukubwa, na mimi nyuma yako. Muziki kama ule haukuwa na mutu wa kuutangaza, njo ukatafuta bidon tupu, ile ya njano ya kuchotea maji, ukaifunga shingoni na kutangulia bendi kwenye kila mulima. Unapiga mara tatu kwa nguvu, halafu unanyamaza. Ndani ya ule ukimya sisi wa nyuma tunajibu wote: "Radi!" Unapiga tena, unanyamaza tena. Watu wakisikia, wanaacha majembe shambani, wanakuja mbio na watoto mugongoni.

Mama alichukia jambo lile toka mwanzo. Alitushika masikio sote wawili, watu wazima kabisa, akatuambia: "Hiyo bidon iko ya kulilia vita! Bantu banaipigaka wakati mubaya anakuya, ili bengine bakimbie. Nyinyi munaiita nayo bantu bakuye kucheza?" Tulimucheka, kaka. Wewe ulimukumbatia ukasema vita itatafuta kengele yake yenyewe. Wala hatukuwaza tena neno lile.

Ule musimu wa kwenda Walikale, mimi sijaona furaha ingine ya kuufikia. Watu wa bendi wanne na mashabiki wengi nyuma, ampli mupya juu ya chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, mpaka barabara ikaisha, halafu kichwani, kwa zamu. Matope mpaka magotini. Tuliacha baridi yetu ya malisho tukaingia katika joto la pori, na kule watu walitupokea kwa ndizi na nyama ya kukaushwa, wakatushangaa vile tunavyoogopa miti mirefu. Tulikuwa tunapiga mchana tu, saa nane, ili kila muntu awe amefika kwake kabla ya jua kuzama.

Na kipigo kilikuwa kila mahali, tusidanganyane. Pale kwenye bariere, kile kizuizi cha njiani cha wale wenye bunduki, mukubwa wao aliketi juu ya ndoo akasema tumupigie, na tusipumzike mpaka yeye achoke. Byamungu alipiga juani mpaka vidole vikapasuka, nyuzi za gitaa zikawa nyekundu. Shukuru alipoacha fimbo anywe maji, walimupiga na kitako cha bunduki, mashavu yakafunguka. Alipoanguka wakataka kuendelea naye. Wewe ukasimama mbele: "Huyu muache, ana ngoma za kupiga kesho. Mimi niko na mugongo." Wakakulaza chini. Nilihesabu fimbo kumi na mbili, nikiwa nimeuma kitenge changu nisipige kelele. Kesho yake, na mugongo umevimba kama unga wa mandazi, ulivaa bidon shingoni ukatangulia.

Mubi nayo! Mubi ilikuwa vita tamu. Vijana wa pale walisema watu wa milima hawajui kucheza, wanajua kukama ng'ombe tu. Basi. Nani alianza? Mimi nasema wao, wao wanasema mimi. Viti vya ile baa viliruka, chupa zikavunjika kwenye ukuta, mwendesha pikipiki mumoja akakupiga na kofia ya chuma kichwani, na mimi nikamurukia nikamung'ata sikio mpaka nikasikia chumvi ya damu. Byamungu hakuacha kupiga hata kidogo. Tulipigana ndani ya wimbo na wimbo ukatutenganisha, kwa sababu ulipofika pale pa kuruka, kila muntu aliachilia shati ya mwenzake akaruka. Jioni ile mwenye sikio alicheza na mimi, amefungwa kitambaa, akaniambia: "Dada, uko na meno ya mbwa." Huyo mutu ndiye alikuja kuwa rafiki yetu wa kweli, na nitamutaja tena.

Sasa nifike kwa ile asubuhi. Papa wa redio ananiangalia, anafikiri nimepotea mustari. Sijapotea.

Bendi ilikuwa imerudi mara ya pili Walikale, sisi wawili tulibaki ju ya mavuno ya maharagi. Tulijua inarudi juma ile. Wewe ulitoka mapema na bidon yako, ukapanda juu ya njia ya mulima ili uwapokee. Mimi nilibaki mbele ya nyumba nachambua maharagi, na nywele nilikuwa nimesuka upya. Unajua nilisuka ju ya nani. Byamungu alikuwa hajaniambia neno, lakini mimi nilikuwa nimeshajibu.

Nikasikia bidon.

Ilikuwa inapiga bila kupumua, kaka. Tatu, tatu, tatu, tatu, bila nafasi ya sisi kujibu "Radi". Mimi nilitembea nyuma ya bidon ile mwezi muzima. Niliijua kuliko muntu yeyote wa kijiji kile. Furaha, yule musichana wa jirani, rafiki yangu, alitoka mulangoni na sufuria mukononi akaniuliza: "Zawadi, iko bendi ao iko mubaya?" Watu walikuwa wamesimama kwenye milango, hawajui wakimbie mutoni ao wapande. Na Furaha aliniuliza mimi kwa sababu mimi ni dada ya mupiga bidon.

Nilijua. Nasema kwa mikrofoni, kila muntu asikie: masikio yangu yalijua kwamba ile haikuwa ya Radi Kavu. Moyo njo ulikataa. Nilikuwa nimengoja siku nyingi, nilikuwa nimesuka, nilitaka iwe bendi, na nikasema kwa sauti kubwa: "Njo Radi Kavu! Bamerudia! Tupande!"

Furaha akatupa sufuria, akakimbia akipaza neno lile nyumba kwa nyumba. Tukapanda tukiimba. Wewe ulituona kutoka juu ukapiga kwa nguvu zaidi ili tugeuke, na kadiri ulivyozidisha njo na sisi tulizidi kukimbia kuja. Ulipiga mikono hewani, ulituonyesha turudi, na sisi tuliona unacheza. Sisi pia tukanyanyua mikono.

Wabaya walikuwa wamelala kwenye mahindi, kati yako na sisi. Hawakuuliza kitu. Furaha alikuwa mbele, anaruka, risasi ikaingia chini ya kwapa lake akaanguka na uso wake bado unacheka. Mutu wa nyuma alimuruka akidhani amejikwaa, na yeye pia akaanguka. Halafu panga zikatoka. Nilimuona mwalimu wetu anashika tumbo lake kwa mikono miwili kama muntu anayebeba unga. Niliona mukono peke yake kwenye njia. Mimi nilikimbia, kaka, nilikanyaga watu ninaowajua kwa majina, na sikugeuka. Na bidon ilikuwa bado inapiga, inapiga, mpaka ikanyamaza nikadhani wamekuua. Baadaye njo nikasikia umeonekana porini, uko hai, unakimbia.

Bendi ilisikia risasi kwa mbali ikarudi porini. Tangu siku ile Radi Kavu haijapiga tena mahali popote.

Sisi tuliobaki, pamoja na mama, tulishuka Lushebere, tukapewa bashi, yale maturubai ya plastiki, na miti ya kusimamisha hema. Mazishi yalikuwa hayajaisha wakati maneno yalianza. "Amani alituuza. Alituita na bidon ya muziki ili batuue." Muntu mumoja alisema, kumi wakaitikia. Wote waliosikia sauti yangu asubuhi ile pale mulangoni walikuwa wamekufa, na wengine walijua tu kwamba Furaha alipita akisema bendi imerudi. Siku ya kwanza nilinyamaza ju ya woga. Siku ya pili nilinyamaza ju nilikuwa nimenyamaza siku ya kwanza. Hivyo hivyo miaka mitatu imepita. Mudomo uliponza kichwa, wanasema. Wangu uliponza vichwa vya wengine, na changu kikabaki shingoni.

Na Mama Furaha ni jirani yangu wa hema. Tunakula sombe kwa sahani moja. Nilipokuwa na malaria, yeye njo alinilaza kifuani pake, akanipa maji na kijiko, akaniita jina la mutoto wake. Vijana wake wawili waliobaki wananoa panga mbele yangu wakisema siku utakayokanyaga Lushebere hautamaliza kusalimia. Mimi nimekaa pale, nawapikia chai. Unasikia, kaka? Nimewapikia chai.

Nilidhani umekwenda mbali na uko salama, na kwamba salama inatosha. Halafu juma lililopita amekuja yule mwenye sikio. Sasa anaendesha kamyo. Aliniambia unabeba magunia Mubi, hauongei na watu, na ukisikia muziki unatoka nje. Akaniambia amekuuliza kwa nini haurudi kumuona mama, na mama hawezi tena kusimama bila kushikwa. Unajua ulimujibu nini? "Mikono yangu njo ilikosa. Nilipiga vibaya, bantu bakakufa." Hiyo maneno iliniingia kama panga. Nilijua watu wanakuhesabia kosa lile. Sikujua na wewe unajihesabia.

Amani, nisikilize. Haukukosa. Ulipiga vile inatakiwa kupigwa, bila kupumua, mubaya akiwa mbele yako na bunduki, wakati ungeweza kuitupa bidon na kuokoa roho yako. Mukono wako ulisema kweli na mimi nikaugeuza uongo, ju ya bendi na ju ya nywele. Kama watu wanatafuta mwenye aliwaita, wasiende Mubi. Mwenye aliwaita ni mimi, Zawadi, na niko hapa.

Mama nilimuambia jana. Alinitazama mpaka nikaomba anipige. Hakunipiga. Alisema tu: "Enda ukaseme mahali bantu bote banasikia, kisha uniletee mutoto wangu." Kwa hiyo nimekuja.

Sasa nimemaliza, na kioo cha hapa redio kinaniruhusu kuona nje. Watu wanaanza kujaa. Mama Furaha amefika, amevaa kile kitenge nilichomununulia, amesimama mbele ya wote. Vijana wake wako nyuma yake. Papa wa redio ameniambia iko mulango wa nyuma. Nimemuambia hapana, miaka mitatu nimepita mulango wa nyuma.

Wewe usipande kamyo leo, kaka. Ngoja. Juma lijalo, siku kama hii, saa kama hii, kaa karibu na redio. Ukinisikia nakusalimia, ujue wameniacha niishi, na kama mimi wameniacha, wewe hawana tena sababu ya kukugusa. Njo urudi kwa mama. Ukisikia muntu mwingine ndiye anasoma salamu, rudi hivyo hivyo, ju watakuwa wamekwisha kulipiza kwa mutu anayestahili, na mulango utakuwa wazi.

Natoka nje sasa.

Mudogo wako wa tumbo moja,
Zawadi