Jina la Herieli kwenye Daftari

Mutuka, Babati
5 Machi 1984

Mdogo wangu Herieli,

Hujambo huko Bonga? Huku tu wazima, ila kifua cha Mama bado kinambana. Nakuandikia kwa sababu nikija mwenyewe nitafoka.

Jana ulipiga magoti, mchungaji akakuombea, watu wakakuimbia pambio, basi, umerudishwa kundini. Miaka saba ya gongo na kulangua sabuni, imeisha kwa dakika tano! Halafu Mama akatoa ile sukari. Niliipangia foleni siku mbili, Herieli! Mimi nakunywa chai bila sukari tangu Krismasi, wewe ukaweka vijiko vitatu.

Nimefagia kanisa lile tangu kipaimara, mpaka ufagio umebaki kishikio. Nani amewahi kuniimbia mimi pambio? Nina wivu, nasema wazi.

Dada yako,
Kornelia

Bonga
9 Machi 1984

Dada, shikamoo.

Mpe Mama pole. Mimi sijambo, mahindi yameanza kuota.

Sina la kujitetea. Sukari sikuistahili, na msamaha nao sikuustahili. Mchungaji anasema tunahesabiwa haki kwa neema, bure. Bado naona kama ananitania. Ndiyo maana naitamani Meza ya Bwana tarehe 18. Asiyejiandikisha Jumamosi hapewi mkate na divai, najua, na daftari unashika wewe. Nitakuja.

Mdogo wako,
Herieli

Bonga
19 Machi 1984

Dada, shikamoo. Mama anaendeleaje?

Jana mzee wa kanisa, Mzee Basil, alisoma majina ya washiriki, langu halimo. Akanirudisha kwenye benchi, watu wakaanza kunong'ona kwamba nimerudia gongo. Aliponiuliza, nilisema nilisahau kujiandikisha. Amenikaripia kweli.

Nimekufungia ufagio mpya. Anayeleta barua hii ataubeba.

Mdogo wako,
Herieli

Mutuka
14 Aprili 1984

Mdogo wangu,

Mama amepona. Mimi ndiye mgonjwa.

Jumamosi ile ulisimama mbele yangu ukataja jina lako, nami nikaipitisha kalamu hewani. Uliona! Wiki nne nimengoja unishtaki, nipate sababu ya kukuchukia. Wewe umeniletea ufagio. Hata kuufagilia nimeshindwa.

Nimemweleza Mzee Basil yote, naye amechukua daftari. Kesho nitapiga magoti palepale ulipopiga wewe, mbele ya watu walewale. Wivu haujaisha, nisikudanganye. Lakini nimetafuta cha kumwonyesha Mungu, sina. Miaka yote hiyo ya kufagia, na siku moja tu nilikuzuia mezani.

Mchungaji ameniruhusu kushiriki Ijumaa Kuu. Nimeomba jina langu uliandike wewe. Ukiliruka, sitalalamika.

Dada yako,
Kornelia

Bonga
16 Aprili 1984

Dada, shikamoo.

Leo nimepita kwa Mzee Basil. Nimekuandika wa kwanza, mimi nafuata chini yako.

Nakuja jioni. Bandika chai, hata kama sukari imeisha.

Herieli wako