Yai Viza Jikoni

Jumatatu, 3 Machi

Jikoni kunanuka yai viza. Yai lenyewe hakuna. Nimeangalia kabatini, kwenye ndoo ya taka, nyuma ya friji. Basi ni gesi. Nikasema hivyo mezani, kwa sauti ya kawaida ya mtu mwenye pua.

Mama hasikii harufu yoyote siku hizi, pua yake ilistaafu kabla yake. Kaka alinusa mara moja, kwa adabu, akasema hakuna kitu. Angeishia hapo! Lakini akaanza somo. Eti hiyo harufu iko wapi hasa, jikoni au kichwani mwangu? Nikasema jikoni. Akatabasamu — lile tabasamu lake! Eti nimejuaje kama iko jikoni, ikiwa si kwa kichwa hichohicho?

Tulimwita Profesa tangu ana miaka kumi, kwa utani. Kosa letu. Sasa anafundisha falsafa chuoni na utani umegeuka ugonjwa. Ana hoja moja tu na anaizungusha kama mtoto na pia yake: akili haiwezi kuwaza kitu kilicho nje ya akili. Jaribu, anasema, kuwaza kitu ambacho hakuna anayekiwaza. Umejaribu? Basi umeshakiwaza! Kimeingia ndani! Halafu anaegemea kiti, anangoja makofi.

Mama akauliza kama chai imebaki.

Cheka nawe, daftari. Lakini chumba cha Mama kimepakana na jiko, na kitanda chake tulikishusha karibu na sakafu kwa sababu ya magoti. Gesi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini. Hilo ndilo linaloninyima raha, si falsafa.

Jumanne, 4 Machi

Bado inanuka. Nimefungua dirisha, nimefunga koki ya mtungi, nimewaambia wote wawili: ukimaliza kupika, funga koki. Nimesema mpaka nimejichoka mwenyewe.

Nilipata jibu la Profesa nikiwa bafuni. (Majibu yangu mazuri hunijia yeye akiwa hayupo.) Mimi ni mdogo wake kwa miaka minne. Mama husimulia kwamba mimba ilipokuwa kubwa, Profesa aliambiwa na ukoo mzima kuwa mtoto anakuja, akakataa katakata. Mama ameshiba tu! Alishikilia hivyo mpaka nilipoletwa nyumbani nikilia. Sikungoja anifikirie. Nilikuwepo, nikipiga mateke, yeye akisema ni wali.

Nikamwambia jioni. Akasema: lakini Mama alikuwa anakufikiria. Haya — wiki za mwanzo, kabla hata Mama hajajua? Akakoroga chai yake. Nikashangilia mapema mno. Akasema: wewe hapo sasa hivi unaziwaza wiki hizo.

Jamani! Nikimuwaza shangazi aliye safarini, shangazi hahamii kichwani mwangu. Hataenea, yule! Kuwaza ni kunyoosha kidole. Kidole ni changu, lakini ninachokionyesha hakikai kwenye kidole. Mtu mzima, vitabu mpaka darini, hajui tofauti ya kidole na mlima.

Jumatano, 5 Machi

Fundi wa gesi amekuja nikiwa kazini. Kaka alikuwepo. Fundi akapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi na kwenye maungio yote. Panapovuja, sabuni hupanda mapovu. Halikupanda hata moja. Akafungasha vifaa vyake, akaenda zake.

Profesa amenisimulia kwa furaha ya mtu aliyepandishwa cheo. Kumbe leo anaamini povu! Juzi hapakuwa na kitu nje ya akili, leo povu la fundi ni shahidi.

Nimeingia jikoni. Yai viza.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya.

Mimi hunusa sabuni kwa mshahara. Kila mchanganyiko mpya, kabla haujatoka kiwandani, unapita kwetu sisi wanusaji watatu. Tunawekewa vikombe vitatu, viwili sawa na kimoja tofauti, nasi tunataja kilicho tofauti. Kati ya kikombe na kikombe unanusa mkunjo wa kiwiko chako mwenyewe, ili pua ipumzike kwa harufu iliyoizoea. Mgeni akituona atadhani kiwanda kimeajiri paka.

Leo nimekosea. Nikarudia. Nikakosea tena. Mwenzangu tunayemwita Bizari, ambaye kwa kawaida hukosea yeye, akatazama dari kwa huruma. Huruma ya Bizari! Msimamizi akaniita pembeni, akasema kwa upole huenda mafua yananinyemelea, nipumzike mpaka Jumatatu.

Nilimwambia Mama peke yake. Maji ya chai hayajachemka, Profesa alikuwa ameshajua. Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Aliketi karibu nami, akasema pua yangu haina kosa, kila akili hujijengea dunia yake, na ya kwangu kwa sasa ina gesi ndani. Alisema hivyo kwa upendo, ndiyo maana iliuma. Nikaenda kulia chooni.

Ijumaa, 7 Machi

Na kama ni kweli? Nimekosea vikombe mara mbili. Povu halikupanda. Watu watatu dhidi ya pua moja, na pua yenyewe ina barua ya likizo.

Halafu nikafanya ujinga. Katika kujitetea, nikamfundisha kemia. Nami nilisoma chuoni, tena kitu chenye faida. Nikamwambia gesi yenyewe haina harufu hata kidogo, ile ya yai viza hutiwa makusudi kiwandani ili watu washtuke ikivuja.

Macho yakamng'aa. Nikajua nimekwisha. Kumbe! Kwa hiyo unachonusa siku zote si gesi, ni kitu kilichotiwa kwa ajili ya pua! Gesi yenyewe hujawahi kuinusa wala hutainusa! Alizunguka meza akinywa chai kwa kishindo. Atalipeleka darasani, mpumbavu wangu wa damu.

Mama akatuambia tunyamaze, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Profesa akadaka hapohapo: mnaona, hata wahenga walikubali, lisemwalo ndilo lipo!

Nikamuuliza, na lisilosemwa?

Akasema hilo ni swali zuri. Kisha akaondoka na kikombe chake.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nikiwa uani, kwenye beseni lililogeuzwa. Mama yuko kando yangu kwenye kiti, na blanketi. Nieleze kwa utaratibu.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Nimeamka, nimeingia jikoni — hakuna harufu! Nikavuta pumzi mpaka mbavuni. Hakuna. Nilifurahi, kusema kweli. Nikasema basi, ilikuwa kichwani mwangu, Profesa atanicheka mwaka mzima na nitakubali. Nikaenda kumsaidia Mama kuvaa.

Nikamwambia Mama: nadhani Kaka alisema kweli. Mama akafurahi, maana hupenda tukipatana. Akasema kaka yako ni mtu mwema, wewe humjui tu. Siku ile ya fundi, kabla fundi hajaingia, alikwenda kufunga koki ya mtungi, maana ndivyo unavyotuhimiza kila siku, hakutaka fundi wa watu aumie.

Nikamuuliza tena. Kabla ya fundi kuingia? Kabla, mwanangu. Na fundi aliifungua? Hakuifungua, alikuwa na haraka. Kaka yako ndiye aliyeifungua alipoondoka, tukachemsha chai.

Povu kwenye mpira mtupu! Mpira usio na gesi ungepandisha mapovu gani? Na aliyefunga alifunga kwa kunitii mimi. Siku moja maishani mwake ananisikiliza, na ni siku hiyo!

Nikanusa kiwiko changu. Hakuna. Nikachukua sabuni ya kuogea, ile kali ya kiwandani kwetu, nikaisukuma puani. Hakuna. Nikakata kitunguu, nikalia machozi bila kusikia kitunguu. Mafua yamefika. Sina pua.

Nikatazama madirisha. Yote yamefungwa — Profesa aliyafunga jana kwa sababu ya mvua. Koki nimeikuta wazi, tangu chakula cha jioni. Nimeifunga. Nimefungua dirisha moja, la pili limevimba kwa maji na halifunguki. Nimemtoa Mama. Nimetoka na kiberiti, nimekikalia.

Hakuna anayenusa kitu nyumba nzima. Hakuna hata harufu ile iliyotiwa kwa ajili yetu. Nami naiwaza gesi — si harufu yake, gesi yenyewe, jinsi ilivyo — ikiwa imelala sakafuni kimya, bila haja ya kuwazwa na mtu. Naiwaza vizuri kabisa.

Profesa ametoka na kanzu ya kulalia, anapiga chafya, anataka chai. Kanikuta hapa. Unasikia harufu? Nikasema sisikii. Akacheka mpaka akashika ukuta. Wewe husikii, mimi sisikii, Mama hasikii! Basi humo ndani kuna nini? Nikamwambia kuhusu koki na fundi. Akasema hizo ni fikra zangu kuhusu koki. Nipe kiberiti. Simpi. Akaenda kwa jirani.

Amerudi. Ana kiberiti cha jirani. Nimemshika mkono, kanikwepa, kasema hakuna atakayemfungia jiko kwa kitu kisichonuka wala kuonekana. Mama anamwita, baba njoo huku, baba njoo ukae.

Amesimama kwenye mlango wa jiko. Njiti ameitoa. Ameiweka ubavuni mwa kiberiti.

Hawashi.

Kaka, kama hakuna kitu, mbona huwashi? Nimemuuliza kwa sauti. Hageuki. Anatazama sakafu.