Chemchemi Alizochora Kobelo

Jumatatu, 6 Machi 2006

Umeme umerudi saa nne, umekatika saa saba. Katikati hapo nimeskani ramani ya mwisho — ya chemchemi za Uluguru, 1954, tuliyoazimwa na misheni ya juu mlimani. Karatasi imekauka, ukiigusa vibaya inavunjika. Nimeibeba kwa viganja.

Ezekiel kapiga simu kutoka Dar. Mradi ni wake: ramani za zamani ziwekwe kwenye mtandao, watu wa kujitolea wazichore upya, kila mtu azitumie bure. Anataka fomu leo. Mwenye hakimiliki ni nani? Nikaandika: Misheni. Padre alishasema tuichukue tu, mende wanaimaliza. Nimesaini kwamba mwenyewe ameridhia. Jina langu, na muhuri wa maktaba yetu.

Jumatano, 8 Machi

Ramani iko kwenye mtandao tangu jana. Ezekiel kafurahi.

Leo nimeikuza kwenye kompyuta nisafishe madoa. Juu limechapwa jina la padre Mzungu wa zamani. Chini, pembeni, herufi ndogo kama sisimizi: A. Kobelo alipima, akachora.

Nimempigia Padre. Anasema huyo ni Agustino Kobelo, alikuwa katekista, analima karoti juu ya misheni. Analima. Yaani yu hai.

Ezekiel anasema kama aliajiriwa kwa kazi hiyo, ramani ni ya misheni. Kama hakuajiriwa, ni yake mpaka afe, na miaka hamsini baada ya hapo. Kisha: "Lakini aliyesaini ni wewe, dada Judith."

Mimi ndiye.

Ijumaa, 10 Machi

Amekuja mtu ofisini. Mpole, shati limepigwa pasi. Kampuni yake inataka kufungasha maji ya chupa. Akakunjua karatasi mezani — ramani ileile, kaichapa kwa rangi. Akauliza, chemchemi zenye duara mbili maana yake nini?

Nikamjibu kabla sijafikiri. Hazikauki hata kiangazi.

Akazihesabu kwa kalamu. Saba. Akanishukuru, ramani imewaokolea mwaka mzima wa kupanda milima. Nikauliza kama wanakijiji wanajua. Watahusishwa, akasema, utaratibu upo, siku hizi mwekezaji hazuiwi.

Hajavunja sheria. Leseni ya mradi wetu inasema mtu yeyote aitumie, hata kwa biashara. Niliisoma kabla ya kusaini. Nilidhani biashara ni mtu kuuza kalenda.

Ibada ya Njia ya Msalaba sikwenda.

Jumamosi, 11 Machi

Sokoni. Mafungu ya karoti za mlimani yamekuwa madogo. Muuzaji anasema mvua haijashuka, huko juu wanamwagilia matuta kwa zamu, na zamu zinagombewa. Nimenunua. Sikupika.

Jumatatu, 13 Machi

Nimemwambia Ezekiel aitoe. Akasema tusikurupuke. Kama ramani ni ya Kobelo na hakuulizwa, ana haki ya kudai iondolewe kila ilipo, hata yule wa maji azuiwe kuitumia. Na mradi wote utachunguzwa, mikoa mitano, na wa kwanza kuulizwa nitakuwa mimi. Lakini mzee akisaini sasa, yamekwisha. Akishasaini hawezi kuirudisha tena.

"Mpelekee, dada. Mzee wa watu atafurahi tu."

Fomu imefika. Vifungu vinne. Cha tatu ndicho kile — mtu yeyote, matumizi yoyote, biashara ikiwemo, bila kurudi nyuma.

Alhamisi, 16 Machi

Naandika nikiwa kwa Kobelo, barazani.

Nimepanda na pikapu ya mboga mpaka misheni, kisha saa nzima kwa miguu. Nimemkuta anapalilia. Shikamoo babu. Marahaba. Miaka sabini na saba, mgongo umenyooka kuliko wangu.

Hakuajiriwa. Nilimuuliza hilo kwanza, nikiomba aseme aliajiriwa. Alipima kwa kamba na dira ya kuazima, viangazi vinne, baada ya mafundisho ya dini. Yule padre Mzungu alimpa blanketi.

Nilipomkunjulia nakala ya ramani alikaa chini kwenye udongo. Akaifuata mito kwa kidole. Akamwita mkewe, Bibi Maria, aje aone. Akacheka, akaonyesha kijito kimoja: "Hapa nilikosea, nilikuwa na homa." Nikamwambia sasa dunia nzima inaiona. Akauliza jina lake linaonekana? Nikasema linaonekana.

Yuko radhi kusaini. Macho hayaoni maandishi madogo, akaniomba nisome kwa sauti. Nikasoma cha kwanza, yeye ndiye mchoraji. Cha pili, jina lake litatajwa kila mahali. Hicho akataka nikirudie, nikakirudia mara mbili. Kisha nikasoma cha nne, tarehe na shahidi.

Sikupanga. Au nilipanga tangu kwenye pikapu. Sijui.

Ameondoka kumwita mwenyekiti wa kijiji awe shahidi. Mwenyekiti anasoma, nadhani. Huenda akasoma yote. Huenda akatazama tu pa kuweka muhuri.

Bibi Maria alikuwa anachambua maharage. Sasa hivi ameniuliza, bila kuinua macho: "Mjukuu wangu, mimi sikusoma, ila kuhesabu najua. Umesema moja, umesema mbili, umesema nne. Ya tatu ina nini?"

Nimemwambia tumsubiri babu. Ndiyo maana naandika, nionekane nina kazi.

Ameweka ungo chini. Hachambui tena, ananitazama mkono. Juu ya matuta nawaona wanashuka, mwenyekiti nyuma, mzee mbele. Kumbe alipitia mahali akaazima nguo ya heshima. Amevaa koti.